Fyuzheni: weldi ya chombo ikaguliwe kwa sheria ipi?

Kuna siku nilikuwa narekebisha bomba la stenlesi kwenye kiwanda kimoja cha sangara hapa Mwanza, lile la maji moto ya klorini ya kuoshea, kwa macho linang'aa halina neno, nikapaka ile rangi nyekundu ya kukagulia, nikafuta, nikapuliza poda nyeupe, ukachomoza uzi mwekundu pembeni kabisa ya weldi. Ufa. Klorini, joto na mvutano wa weldi vikikutana stenlesi inapasuka kimya kimya.

Sasa ITER kule Ufaransa, mradi wa fyuzheni yaani kuunganisha atomu za haidrojeni kupata nguvu, nao 2022 walitangaza nyufa kwenye mabomba ya kupoozea ngao ya joto, chanzo mabaki ya klorini karibu na weldi, na mabomba yenyewe ni kama kilomita 23! Mwaka huohuo vipande vya chombo kikuu, yaani lile tangi la chuma ambamo muungano wenyewe unafanyika, kimoja tani 440, kingo za kuchomelea zikawa hazikai sawa, na mamlaka ya usalama wa nyuklia ikagoma kuruhusu viunganishwe.

Sasa watu wanabishana, fyuzheni ipewe sheria kali kama kinu cha nyuklia au nyepesi? Wanaotaka nyepesi wana hoja nzito kwa kweli. Fueli ya haidrojeni ndani ya chombo ni gramu chache tu, kitu kikienda kombo plazma, yaani ile gesi ya moto mkali, inazimika yenyewe kwa sekunde, hakuna kuyeyuka kama Chernobyl. Ndo maana 2023 Marekani waliamua kuisimamia kwa utaratibu unaofanana na wa mashine za kuharakisha chembe, na Uingereza wakaitoa kwenye leseni ya vinu vya nyuklia. Na kusimamisha kazi ni gharama, ITER sasa wanasema tritiamu, ile haidrojeni yenye mionzi ambayo ni sehemu ya fueli, itatumika 2039.

Ila tritiamu ni haidrojeni jamani, inapenya hata chuma cha moto, na kizuizi cha kwanza ni hichohicho chombo na weldi zake. Mimi nasema jengo na mitambo mingine ipewe sheria nyepesi sawa, weldi ya chombo ikaguliwe kama ya kinu. Lile bomba la sangara nilikata nikachomelea upya siku ileile, lakini chombo kikishapigwa na nyutroni, zile chembe zinazoruka atomu zikiungana, chuma chenyewe kinakuwa na mionzi, binadamu haingii tena, ni roboti tu. Kipande cha kwanza ITER walikuwa wameshakishusha shimoni Mei 2022, wakakinyanyua Julai 2023 kwenda kurekebishwa, kazi ngumu sana ile, ila nyutroni zilikuwa bado, mafundi waliweza kukishika kwa mikono yao.