Mwenzenu Nimejishitaki

Mwenzenu nimejishitaki. Sikufumaniwa na askari wa barabarani wala sikuchongewa na jirani. Mimi mwenyewe, kwa kidole changu na simu yangu, niliandika ujumbe kwenda halmashauri ya jiji kwamba kuna gari linatoa moshi kama tanuri la matofali, na mwenyewe achukuliwe hatua kali. Neno "kali" nililirudia mara mbili. Na halmashauri ileile inayokaa miezi bila kubadilisha taa moja ya mtaani kwetu, safari hii ilijibu kabla sijarudisha simu mfukoni.

Ngojeni nianzie mbali kidogo, maana nikianzia hapo mtanicheka bila huruma.

Jiji letu limeleta zamu za namba. Namba ya mwisho ya gari lako ikiwa shufwa, unaingia katikati ya jiji siku moja. Ikiwa witiri, unangoja siku inayofuata. Yangu inaishia na 7. Kwa hiyo siku moja mimi ni mheshimiwa nimeegemeza kiwiko dirishani, na kesho yake ni mtembea kwa miguu mwenye ufunguo wa gari mfukoni. Ufunguo wa nini, hata mimi sijui. Nauzungusha kidoleni watu waone kwamba kutembea huku ni kwa amri tu.

Sasa nauliza, kosa la gari ni namba au ni moshi? Mtaa wa pili kuna bwana ana gari jipya, likipita hata nzi hashtuki. Namba yake nayo ni witiri. Siku ya shufwa tunakutana wote barabarani tukiburuta viatu, na ananitazama kama mtu aliyefungwa kwa kosa la mwenzake. Siwezi kumlaumu. Langu likiwashwa asubuhi linakohoa mara tatu, linatikisika, linatamka neno ambalo siwezi kuliandika hapa, kisha linaachia wingu jeusi ambalo majirani wakiliona wanakimbilia kamba za nguo kuanua, utadhani mvua imeanza.

Shemeji yangu, bingwa wa kutatua matatizo kwa pesa za wengine, akasema, "Shemeji, nunua la pili lenye shufwa. Kwisha habari." Nikaona ana akili. Binti yangu anayesoma chuo akaingilia hapohapo. Baba, Mexico City walianza mwaka 1989 kuyapumzisha magari kwa namba, kila gari siku moja ya wiki. Watu wakafanya hivyohivyo, wakanunua la pili. Na la pili la mtu asiye na pesa huwa lipi? Mkweche. Barabara zikajaa mikweche, na wataalamu waliochunguza hewa hawakuona nafuu. Shemeji akasema Mexico ni mbali. Binti akasema Delhi nao walijaribu shufwa na witiri siku 15 za Januari 2016, wakawasamehe wanawake wenye kuendesha wenyewe, na pikipiki zote. Hapo kwenye wanawake nikamtazama mama watoto. Mama watoto akanitazama. Akasema yeye hajui kuendesha gari linalohitaji kusukumwa na kuombewa dua kwa wakati mmoja.

Binti hakuishia hapo, si alishapata wasikilizaji. "Baba, wewe uliacha sigara lini?" Nikamwambia kwa fahari, zamani sana, ukiwa mdogo, kwa kukupenda wewe. Akasema mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli kundi moja na moshi wa tumbaku, kundi la vitu vinavyojulikana wazi kuleta saratani. Na langu ni la dizeli. Kwa hiyo nimeacha pakiti moja kwa siku, nimekwenda kununua sigara ya magurudumu manne.

Nikamjibu kwamba mimi nimefunga vioo, moshi wangu unakwenda nyuma, atakayevuta ni wa nyuma yangu. Akacheka. "Na wewe uko nyuma ya nani?" Kwenye foleni, baba, tundu lako la kuingizia hewa liko puani pa ekzosi ya mwenzako. Bonyeza kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Nikakibonyeza. Kikabaki mkononi.

Halafu ikaja amri ya kuzima injini ukisimama. Getini shuleni kwa mwanangu mdogo kuna bango limechorwa mtoto kaziba pua. Wenye magari yanayowaka mara moja hawajui mateso ya amri hii. Mimi nikizima, kuwasha tena ni bahati nasibu. Nasikia New York mwisho wa kusimama injini ikiwaka ni dakika 3, jirani na shule dakika 1, na raia akilirekodi lori au basi linalonguruma bure akapeleka ushahidi, anapewa asilimia 25 ya faini. Naomba kwa heshima na taadhima habari hii isimfikie kijana wa nyumba ya pili. Yule ana simu mbili na hana kazi.

Basi, ikafika Jumanne. Ilikuwa siku yangu, siku ya witiri, lakini shemeji aliliazima gari kubeba godoro. Mimi nikaenda kituoni kungoja basi. Jiji limeleta mabasi machache ya umeme, kwa kuiga jiji la Shenzhen kule China ambako mpaka mwisho wa 2017 mabasi yote, zaidi ya elfu 16, yalikuwa ya umeme. Mazuri, sikatai. Ila hayangurumi. Mimi nimezoea kulisikia basi likiwa bado nyuma ya kona, nipate muda wa kumaliza sentensi. Hili lilikuja kimya, likafungua mlango, likafunga, likaondoka, na mimi bado namweleza mama mmoja jinsi serikali inavyopaswa kuendeshwa.

Giza linaingia, nina hasira, basi limeniacha. Mara likapita gari, na nyuma yake wingu. Si moshi, ni wingu, unaweza kulishona pazia. Mtoto akalia. Yule mama akajifunika kwa mtandio. Watu wote wakakohoa kwa mpigo mmoja kama wamepewa ishara. Hapo nikapanda jukwaani. Nikasema watu wengine hawana utu! Wanatuua huku wanasikiliza muziki! Kuna chembechembe humo, ndugu zangu, ndogo mara thelathini kuliko upana wa unywele, zinapita pua na koo zinakwenda kukaa ndani kabisa ya mapafu! (Maneno ya binti, nayatumia bila kulipa.) Watu wakaitikia. Mmoja akapiga makofi. Nikaisoma namba kwa sauti, nikaona bango la halmashauri lenye namba ya kupeleka taarifa, nikaandika, nikatuma.

Jamani, mtu mwenye hasira husoma tarakimu tu, haelewi anachosoma. Simu ikalia. "Asante kwa taarifa yako. Mmiliki wa gari ametumiwa wito." Nikaiinua juu, nikaisomea hadhara. Makofi tena. Kabla hayajatulia simu ikalia mara ya pili. Ulikuwa wito.

Niliposema nimepata nafasi ya kutembea kidogo kwa afya, nadhani yule mama aliniamini.

Fundi akanipa njia ya mkato: tuazime ea klina safi, lile chujio la hewa ya injini, ya mteja mwingine, ukishakaguliwa urudishe. Nilitaka. Nasema ukweli, nilitaka sana. Binti akaniambia hata wakubwa walishakamatwa kwa ujanja huo. Mwaka 2015 Volkswagen walibainika kuweka programu kwenye magari ya dizeli yapatayo milioni 11, gari likihisi liko kwenye kipimo linapumua kwa adabu, kama mimi mbele ya mama mkwe, likirudi barabarani linaendelea na tabia zake. Kilichoniponya na dhambi lakini hakikuwa hadithi hiyo. Ea klina ya yule mteja haikuingia.

Kwenye ukaguzi nikapokewa na kijana mpole mno. "Shikamoo mzee. Naomba ukanyage mafuta mpaka mwisho, kisha uachie." Kamrija kanaingizwa kwenye ekzosi, mashine inapima mwanga kiasi gani unapenya kwenye moshi. Nikakanyaga. Kijana akaiangalia mashine, akaifuta kioo kwa kitambaa, akaiangalia tena. "Mzee, hapa mwanga haupiti." Wakati huohuo lori la taka la halmashauri yenyewe likapita mbele ya geti likiacha usiku nyuma yake. Kijana akaziba pua kwa ile karatasi ya hukumu yangu, lori likapita, akaendelea kuniandikia. Nikauliza na lile je? Akasema, "Lile lina utaratibu wake, mzee."

Nikarudi kwa fundi, safari hii bila ujanja. Akafungua kasha la ea klina. Ndani, kiota cha panya. Kimesukwa vizuri, kina pamba, nyuzi za kiti changu cha nyuma, na nusu ya risiti ya mafuta. "Injini inakosa hewa, mafuta hayaungui yote, ndiyo huo weusi," akasema fundi, akikishika kiota kama kikombe. Akaweka ea klina mpya, akasafisha nozeli, nikarudi kukaguliwa, nikapita.

Sasa gari halitoi moshi wala halikohoi, na nyumbani wamenuna. Zamani nikiwa bado kona ya kwanza walishajua nakuja: televisheni inazimwa, vitabu vinafunguliwa, chakula kinapakuliwa. Juzi nimeingia kimya kama basi la umeme, nikamkuta shemeji amelala kwenye kochi langu kavaa kanzu yangu, sahani yangu iko tumboni mwake. Mama watoto akashtuka, akasema, "Baba Zuhura, si ungepiga hata honi?"