Wapeni mechi dada zetu wa Palestina

Tarehe 15 Mei 2024, siku ambayo Wapalestina popote walipo huikumbuka Nakba, yaani maafa ya kufukuzwa makwao mwaka 1948, timu yao ya taifa ya wanawake iliingia uwanja wa Dalymount Park jijini Dublin kucheza na wanawake wa klabu ya Bohemians. Ilikuwa mara yao ya kwanza kucheza Ulaya. Walishinda 2-1.

Wengi walioitaja mechi ile walitaja bendera, nyimbo na machozi ya jukwaani. Matokeo waliyaruka. Mimi naanzia kwenye matokeo, maana wale ni wachezaji wa mpira, na mchezaji hasafiri kote kule ili aonewe huruma. Anakwenda akashinde.

Uzito wa ushindi ule anauona anayejua timu hii ilikotoka. Ilianza 2003 katika Chuo Kikuu cha Bethlehemu, pale Samar Araj Mousa, aliyekuwa akisimamia michezo chuoni, alipotafuta wasichana wanaotaka kucheza soka. Waliojitokeza mwanzoni walihesabika kwa vidole. Mmoja wao alikuwa Honey Thaljieh, binti wa mji huo huo aliyekua akipiga mpira mitaani na wavulana. Ndiye akawa nahodha wa kwanza wa taifa. Mazoezi yalifanyika kwenye sakafu ngumu ya chuo. Wakitaka uwanja wa nyasi wenye vipimo kamili, safari ilikuwa ya Yeriko, kupitia vizuizi vya jeshi la Israeli. Mwaka 2005 walikwenda Amman kwenye mashindano ya Asia Magharibi wakiwa na maandalizi hayo hayo.

Tukisikia "vizuizi" wengi tunafikiria usumbufu wa kuchelewa. Kwa timu ya mpira hasara ni kubwa kuliko hiyo. Mabeki wanne wakitaka kumwacha mshambuliaji kwenye kuotea lazima wapande pamoja, sekunde ile ile, bila kuitana. Jambo hilo halifundishwi ubaoni. Linakuja baada ya kucheza pamoja wiki kwa wiki, mpaka kila mmoja ajue pumzi ya mwenzake. Sasa weka beki mmoja Gaza na mwenzake Bethlehemu. Umbali kati yao haufiki kilomita 100, lakini katika miaka ile ya mwanzo walikuwa wakikutana nje ya nchi, mashindano yakikaribia. Hata wa Ukingo wa Magharibi, upande iliko Bethlehemu, kusafiri kwake si kwenda tu uwanja wa ndege. Anavuka daraja kuingia Jordan, kisha anapanda ndege Amman. Na anayetoka Bethlehemu kwenda al-Ram, kaskazini ya Jerusalemu, akiwa hana kibali cha kupita mjini analizunguka jiji lote kwa barabara ya milimani ya Wadi al-Nar.

Kule al-Ram ndiko uliko Uwanja wa Faisal al-Husseini, na ukuta wa zege uliojengwa na Israeli uko karibu sana nao. Tarehe 26 Oktoba 2009 wanawake wa Palestina walicheza hapo mechi yao ya kwanza ya kimataifa nyumbani. Wageni walikuwa Jordan, mabingwa wa Asia Magharibi wa 2005 na 2007. Majukwaa yalijaa maelfu ya watu, wengi wao wanawake, na mechi iliisha kwa sare ya 2-2. Ukitaka kujua timu hii inaweza nini ikipewa nyumbani kwake na watu wake, jibu ni mechi ile.

Tangu vita vya Gaza vilipoanza Oktoba 2023 hilo halipo tena. Hata timu ya wanaume, iliyofika hatua ya 16 bora ya Kombe la Asia Januari 2024, mechi zake za "nyumbani" inazichezea nchi za watu. Gaza kwenyewe viwanja vimevunjwa, na Uwanja wa Yarmouk uligeuzwa mahali pa jeshi kuwashikilia watu. Wachezaji waliouawa ni wengi mno. Katika hali hiyo timu ya wanawake inawaita pia mabinti waliozaliwa ughaibuni, na nimesoma watu wakisema eti hiyo si Palestina halisi. Sikubaliani nao hata kidogo. Bibi aliondoka na ufunguo wa nyumba yake mwaka 1948. Mjukuu akivaa jezi ya taifa lile, nani wa kumwambia si kwao?

Ninachowaomba viongozi wa soka ni mechi. Wale wa Bohemians walifanya jambo la heshima, lakini Bohemians ni klabu, na mechi ya klabu haiingizi pointi kwenye viwango vya FIFA. Timu ya taifa inahitaji timu za taifa, katika siku zilizopangwa kwenye kalenda. Isipocheza kwa muda mrefu, inaondolewa hata kwenye orodha.

Kwa nini isiwe sisi? Tanzania iliitambua Palestina mwaka 1988, na ubalozi wao upo Dar es Salaam. Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, wameshacheza fainali za Afrika, nao wanahitaji wapinzani wa mtindo tofauti na wale tuliowazoea ukanda huu. Harambee Starlets wa Kenya pia. TFF na FKF, mashirikisho ya soka ya Tanzania na Kenya, wakikaa pamoja, wageni wanaweza kucheza mechi mbili katika safari moja, Chamazi, Dar es Salaam, kisha Nairobi, na benchi lao la ufundi likapata zaidi ya wiki moja ya kambi na wachezaji wote mahali pamoja, bila kizuizi barabarani. Hiyo wiki moja tu ina thamani kubwa kwao kuliko risala zetu zote.

Wakija Chamazi nitakuwepo mapema. Wimbo wao wa taifa ukipigwa nitasimama, nitawapigia makofi kwa moyo wote. Halafu filimbi ikilia nitaishangilia Twiga Stars kwa sauti yangu yote, nikitaka tuwafunge.