Sikunywa, Nilinusa

Kabla haijawafikia ya rafiki yangu wa Kibokoni, ambaye tangu jana alasiri hakuweka simu chini: sikunywa. Nilinusa tu.

Mwanijua na maradhi yangu ya shaba kuukuu. Basi kwa shangazi, nyuma ya mlango, nikaona ganda la risasi ya mzinga, tupu, jeusi kwa uchafu. Nikapima mdomo: sentimita 10 na ushei. Moyo ukanienda mbio. Mizinga ya Königsberg, ile manowari ya Kijerumani iliyozama Rufiji 1915, ilikuwa ya sentimita 10.5, na mmoja uko papa hapa Fort Jesus!

Nikalitoa barazani, wazee wanakunywa kahawa. Nikasugua kitako kwa ndimu na majivu. Ikachomoza mistari mitatu, imechanua kwenda juu. "Mhuri wa mkaguzi! Taji la Kaisari!"

Hapo ningenyamaza ningerudi kwangu na heshima zangu.

Ndani mlikuwa na ukoko mwekundu. Nikawaambia wazee ni masalio ya baruti. Nikainama. Nikatia pua pole pole, kama mtu anayejifukiza udi. Nikafumba macho. Nikavuta. "Baruti ya kikweli," nikasema, "haipotezi harufu." Mzee mmoja akaguna. Kwa kumridhisha yeye, nikavuta tena, mara hii hadi mashavu yakagusa shaba. (Msicheke, bado.)

"Mwanangu," shangazi akaita dirishani, "watafuta nini kwenye mate yangu?"

Lilikuwa lake la kutemea tambuu. Tangu aolewe.

Hakuna aliyecheka mara moja. Hilo ndilo lililoniuma. Vikombe vilisita hewani. Kisha mtoto wa jirani akaligeuza kitako. "Ammi, ulilishika kichwa chini." Taji likawa mshale, ule unyayo wa kuku ambao serikali ya Uingereza iligonga kwenye mali yake. Akaendelea kusoma, mwana huyu, kwa sauti ya madrasa: "4 IN. 1942." Inchi 4 ni sentimita 10.16. Na 1942 ndio mwaka manowari za Waingereza zilipohamia Kilindini. Königsberg ilishalala matopeni miaka 27.

Nikaosha pua kwa sabuni ya kipande, nikatokea mlango wa uani. Kibokoni sasa naitwa Kaisari.

Shangazi ametuma ujumbe: kitako kimeng'ara, nirudi nimsugulie na ndani.