Kabati la Bibi

Kabati la marehemu bibi nililirithi pamoja na rangi zake zote: juu kijani, chini yake bluu, na chini kabisa, kwa maelezo ya mama, mninga mtupu. Huo mninga ndio ulionipeleka Kariakoo kununua dawa ya kutoa rangi. Muuzaji alinipa kopo na maneno mawili: "Vaa glovu." Nikavaa. Zile nyembamba za hospitali.

Jumamosi ya Februari, saa saba mchana, uani kwetu Tabata. Kabati nimeliweka juani makusudi, eti jua linisaidie. Kumbe dawa ya aina ile, yenye methilini kloraidi, huchemka kwenye nyuzi 40 tu. Nilipolegeza kifuniko, kopo likapiga chafya. Nikapaka, ikakauka. Nikapaka tena, ikakauka. Kabati kijani vilevile, linanitazama.

Vingine vyote vilitii. Glovu zilijikunja kama utando wa maziwa, vidole vikaanza kuwasha. Benchi la mama mwenye nyumba, lililodondokewa tone moja tu, likatoa rangi yake bila hata kuombwa.

Nami nilikuwa nimemimina dawa kwenye glasi ya plastiki, zile zinazong'aa za harusini, nichovye kistaarabu. Nimekaa, glasi juu ya paja, bukta fupi. Kitako cha glasi kikaaga dunia.

Sijui niliruka umbali gani. Najua nililia "Mama!" na aliyeitika ni mama mwenye nyumba.

Fundi seremala wa jirani alifika mbio. "Vua bukta!"

"Fundi, kuna watu."

"Vua! Nguo inashikilia dawa kwenye ngozi."

Nikavua. Mtoto mmoja akapewa kata na ndoo, amri ikatoka: maji yatiririke robo saa, asipumzike. Hakupumzika. Wapangaji wakawa wanapita, wananisalimia kwa heshima zote, nami naitikia marahaba nikiwa nimeziba mbele kwa kifuniko cha sufuria.

Fundi hakunyamaza. "Hii unaipaka nene, kivulini, unafunika na nailoni, unasubiri dakika 20, rangi inavimba yenyewe unakwangua. Glovu nzito. Miwani. Na mshukuru Mungu hukujifungia nayo chumbani: mvuke wake mzito, unatua chini, na mwilini unageuka sumu ileile ya jiko la mkaa."

Paja lilibaki na alama nyekundu yenye umbo la Zanzibar, Unguja na Pemba yake. Mama mwenye nyumba akanihurumia, akanitupia kanga yake nijisitiri. Nikajifunga, nikageuka kulitazama kabati langu.

Hapo ndipo mke wangu alipoingia getini na kapu la sokoni. Akasimama nyuma yangu, akasoma kwa sauti, taratibu, maandishi yaliyokaa sawia na makalio yangu:

"Japo sipati tamaa sikati."

Kimya.

"Baba nanii, hii kanga ya nani?"