Kompyuta Ikizimazima, Usikimbilie Kupiga Windows

Kompyuta ikianza kuzima ovyo, ushauri wa kwanza utakaopewa ni huu: piga Windows upya, yaani futa diski na uiweke Windows mpya. Niliufuata mara mbili katika wiki moja. Mashine ikaendelea kuzima vilevile. Tangu siku hiyo nasema bila kupepesa macho kwamba kufomati kabla ya kuujua ugonjwa ni kufuta ushahidi.

Na ushahidi upo. Ikitokea skrini ya buluu, ile ya Windows kuanguka, kwa kawaida Windows huhifadhi faili dogo la tukio ndani ya C:\Windows\Minidump. Ukifomati, limekwenda. Kwenye Event Viewer, programu ya Windows inayoorodhesha matukio ya kompyuta, utakuta pia Kernel-Power 41, na hapo wengi hupotea: wanaona neno "Power", wanakwenda kununua pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Namba 41 inasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kufungwa vizuri. Aliyeizima haimtaji.

Mimi nathamini zaidi mazingira ya tukio. Chukua karatasi, andika: ilikuwa inafanya nini, imewaka kwa muda gani, feni ilikuwa inavuma? Ikikatika ghafla kila ukifungua mchezo mzito, shuku joto au pawa saplai iliyochoka. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na joto likizidi hujizima ili zisiungue. Mara nyingi ni vumbi tu lililoziba njia ya hewa. Ikianguka kwenye programu ileile kila siku, anza na programu hiyo na draiva, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa. Lakini ikianguka leo unasoma barua pepe, kesho hata hujaigusa, na kila mara kwa kosa jipya, nenda kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta.

Yangu ilikuwa hivyo. Usiku mmoja nikaiwasha kwa flashi yenye MemTest86, programu ya kupima RAM ambayo hufanya kazi bila Windows, nikaenda kulala. Asubuhi skrini ilikuwa imejaa mistari myekundu ya makosa. Vijiti vya RAM vilikuwa viwili. Nikazima, nikachomoa waya wa umeme, nikatoa kimoja na kupima kilichobaki. Safi. Nikakitoa hicho, nikachomeka mwenzake kwenye tundu lilelile. Hazikupita dakika kumi, wekundu ukarudi. Tundu lilelile, kijiti kingine: sasa nilikuwa na jibu. Ningebadilisha tundu na kijiti kwa pamoja, nisingejua mbovu ni kipi.

Ndiyo maana nawasihi mafundi wabadilishe kitu kimoja kwa wakati. Fundi akisafisha feni, akaweka draiva mpya na kubadilisha RAM kwa mkupuo mmoja, mashine inaweza kupona kweli, ila hajui alichotibu, na mteja amelipia vitu vitatu.

Kinachoniuma zaidi nilikielewa baadaye. Kila faili linalonakiliwa hupitia kwenye RAM kabla ya kufika kwenye diski. Kwa hiyo Windows zile mbili nilizopiga zilipitia kijiti kilekile kibovu, na picha nilizokuwa nahamisha ili kuziokoa zilipita humohumo. Nyingi zilisalimika. Chache bado ninazo: juu nyuso zinaonekana vizuri, kuanzia katikati kwenda chini ni kijivu kitupu.