Fundi, vipande vyangu viko wapi?

Mwezi uliopita nilimpelekea fundi wangu wa Tabata kitenge cha yadi sita, cha kijani, chenye maua ya njano makubwa kama sahani. Gauni lenyewe halikuwa na mambo mengi: mikono mifupi, sketi ya kawaida, hakuna marinda, hakuna mkia wa kuburuza. Na mimi si mrefu. Angenishonea mimi na pacha wangu, kama ningekuwa naye, na yadi sita bado zisingeisha. Siku ya kuchukua nikalijaribu, likakaa vizuri, nikamsifu. Fundi wangu ana mkono, hilo silipingi. Kisha nikauliza: "Fundi, na vipande vilivyobaki?"

"Aah, dada, vilikuwa vipande tu. Nimevitupa."

Anasema hayo amekaa. Amekalia mto. Mto wa kijani, wenye maua ya njano makubwa kama sahani.

Nilicheka. Ungefanya nini? Naye akacheka, akainuka nusu, akaupangusa mto kama anayemkaribisha mgeni, akakaa tena. Hasira zilinijia kwenye daladala, na cha ajabu hazikuwa za fundi. Nilijikasirikia mwenyewe. Yule bwana aliona mto mahali ambapo mimi miaka yote hii naona takataka. Sare ya harusi ya binamu, sare ya 8 Machi, sare ya kumuaga mtu kazini, kitenge cha msiba: kila kimoja kimeacha yadi, yadi na nusu, mbili. Zote nimezilipia. Ningekuwa navikusanya vipande hivyo, leo ningetandika kuanzia sebuleni mpaka barazani.

(Haki yake nimpe, kwa shingo upande. Fundi anahitaji akiba: ya mfuko, ya kola, ya kufunika vifungo, ya mteja anayenenepa kati ya siku ya kupimwa na siku ya kuchukua. Lakini si aseme basi? "Dada, nabaki na nusu yadi." Nani angemkatalia?)

Nikapita dukani nikanunua pakiti ya sindano za mkono, uzi mweusi na uzi mweupe. Cherehani sina. Nilikuwa na mkasi wa jikoni ambao haukati kitambaa hata kwa maombi, nikanunua mwingine, na huo nimeapa hautagusa karatasi wala pakiti ya maziwa. Nyumbani nikachokonoa kabatini mpaka nikapata kipande cha sare ya zamani ambacho kwa bahati hakikuwahi kufika jalalani. Kitu cha kwanza nilichoshona kilikuwa kishikio cha sufuria, kimepinda upande mmoja kama mdomo wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Nikakipiga picha, nikaweka status.

Nilipata majibu saba. Matano ya kwanza: "Bei gani?" "Unauza?" "Hiyo ni fursa, changamka." "Fungua ukurasa." "Ingia vikoba upate mtaji." Wa sita akauliza kama nimepunguzwa kazini. Wa saba alikuwa shangazi, nitamrudia.

Hapo ndipo nilipochoka. Siku hizi mtu hawezi kufanya kitu kwa mikono yake bila kuambiwa afungue biashara. Ukioka keki, fursa. Ukipanda mchicha kwenye ndoo mbovu, fursa. Ukimsuka mwanao Jumapili jioni, jirani anachungulia dirishani: una kipaji wewe, tafuta fremu. Mbona ugali hatuambiwi? Tunasonga kila siku ya Mungu na hakuna aliyewahi kunifuata jikoni kuniuliza mgahawa nafungua lini. Napika kwa sababu watu watakula. Basi.

Na kushona kulikuwa hivyo hivyo, wala si zamani za kale. Mama yangu alidarizi vitambaa vya makochi kwa sindano ya mkono. Kitambaa cheupe, ua jekundu kila kona, na katikati "KARIBU MGENI", herufi mbili za mwisho zimebanwa kama abiria wa daladala kwa sababu nafasi ilimwishia. Hakuviuza. Hakuna aliyemuuliza bei. Vilikuwa vya kutandika makochi, na sisi tulichapwa tulipovipangusia mikono. Mama hakuwa fundi na hakuna siku alijiita fundi. Alikuwa mtu anayejua kushika sindano, kama anavyojua kushika mwiko.

Sasa kushona kumebaki na milango miwili. Mmoja ni biashara, wa pili ni adhabu. Mtoto akifeli kidato cha nne, utasikia "mpelekeni akajifunze cherehani", kwa sauti ileile ya kutangaza msiba. Halafu anayesema hivyo ndiye anayempigia fundi simu mara nne Ijumaa usiku kwa sababu ana harusi Jumamosi. Na tazama wanaoshona barazani mtaani kwako, wengi si wanaume? Lakini nyumbani kifungo cha shati kikikatika, shati linatundikwa wiki nzima likimsubiri mke arudi safari. Pwani wapo wanaume na wanawake wanaoshona kofia za viua kwa mkono, tobo baada ya tobo, kila tobo limezungushiwa uzi, kofia moja inakula wiki na wiki. Ukimwona mzee kaivaa Ijumaa anakwenda msikitini, unatazama kazi ya sindano tupu. Kwa hiyo usije ukaniambia bila cherehani haiwezekani.

Tena leso yenyewe, yaani khanga, inasimuliwa ilianzaje? Wanawake wa pwani, karne ya 19, walinunua vitambaa vya mkononi vilivyokuja vimeshikana havijakatwa, wakachukua sita, wakakata vitatu vitatu, wakaviunga vikawa shuka moja. Hata jina ni la Kireno, lenço, kitambaa cha mkononi. Yaani vazi ambalo hakuna ngoma, msiba wala uzazi unaokwenda bila lenyewe, kwa masimulizi hayo, limetoka kwa mtu aliyetazama vipande akasema: vikiungwa je?

Nirudi kwa wanaotaka kuanza, maana wapo walionifuata pembeni. Tafadhali usianze na gauni. Rafiki yangu mmoja alinunua cherehani ya kukanyaga, Butterfly, nyeusi yenye nakshi za dhahabu, kabla hajajua uzi unapita wapi. Wiki ya kwanza alikuwa anapambana na gurudumu tu, likirudi nyuma uzi unakatika, likienda mbele mguu unasahau. Wiki ya pili akakata kitenge kipya, gauni, yadi sita zote mezani. Shingo ikawa kubwa, akaipunguza kwa mishono ya mabegani, kwapa likabana. Mkono mmoja ulipachikwa nje ndani. Cherehani ile leo imetandikwa kitambaa, juu yake kuna televisheni. Gauni lina shingo, kwapa na nyonga, yaani kila kitu kinachopinda mwilini. Mwanzo ni vitu vyenye pembe nne, na kitambaa ambacho kikiharibika hutalia.

Hata kabla ya vipande, kuna khanga. Doti inauzwa imeungana, unaikata katikati, unapinda. Tuko wanawake wazima, mimi nikiwemo mpaka juzi, tunaolipa fundi buku apinde mstari ulionyooka. Kunja robo inchi, piga pasi, kunja tena, piga pasi tena, ndipo ushone. Hiyo pasi usiiruke. Nusu ya kushona ni pasi, na nusu ya wanaosema "kushona kumenishinda" walishindwa na uvivu wa kupiga pasi.

Kishikio cha sufuria kinastahili maneno zaidi kwa sababu sufuria zetu hazina mikono. Tunaepua kwa pindo la khanga, kwa soksi, kwa chochote. Shangazi yangu wa Tanga, ambaye anashona vizuri kuliko fundi wengi, anaepua wali kwa vipande viwili vya boksi. Kata miraba miwili ya kitenge, inchi nane kila upande, na miraba miwili ya taulo kuukuu au jinzi. Hiyo ya ndani ndiyo inayookoa vidole, kitenge ni pambo tu. Vitenge viwili vitazamane uso kwa uso, taulo juu, shona pande zote ukiacha uwazi wa vidole vitatu, geuza, ziba. Kwa mkono, sindano irudi nyuma nusu hatua kila mara kabla ya kwenda mbele, ndipo mshono ushike.

Na hakikisha ni pamba. Vitenge vingine huko Kariakoo vinaitwa pamba na muuzaji peke yake. Chomoa nyuzi chache, ziwashe kwa kiberiti juu ya sinki. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Ikiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, hiyo ni plastiki, ishonee pazia, usiisogeze karibu na jiko la mkaa.

Jibu la saba sasa, la shangazi: "Pembe hukuzipunguza kabla ya kugeuza. Ndiyo maana imekuwa mdomo wa pono." Basi. Hakuna hongera, hakuna bei. Nilifumua, nikakata ncha ya kila pembe bila kugusa mshono, nikageuza, nikazisukuma kwa kijiti cha mshikaki. Zikasimama. Kati ya watu saba, ni mmoja tu aliyezungumzia kushona.

Baada ya hapo nikashona mfuko wa sokoni. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, 1 Juni 2019, nadhani nimenunua mifuko ile ya mbadala ya kutosha kuezekea banda, kwa sababu kila nikifika sokoni nimesahau mingine nyumbani. Vipande viwili vya inchi 16 kwa 18, mikanda miwili ya inchi nne kwa 24 iliyokunjwa ikawa tabaka nne ili iwe na nguvu. Watu wanaogopa nyuzi kuchomoka, wanasema bila ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo, haitadumu. Hivi: weka vipande mgongo kwa mgongo, maua yakitazama nje, shona robo inchi kutoka ukingoni. Punguza nyuzi, geuza ndani nje, piga pasi, shona tena mbele kidogo ya pale. Ukingo mbichi umefungiwa ndani, hautoki. Mfuko wangu umebeba viazi kilo tatu na nazi mbili, mkanda mmoja tu ndio umelalamika, na huo niliushona huku natazama tamthilia.

Foronya ya mto wa kochi ni rahisi kuliko inavyoonekana, haina zipu. Mto wa inchi 16: mbele 17 kwa 17, nyuma vipande viwili vya 17 kwa 12, kila kimoja kipindwe upande mrefu, vilaliane katikati, mto uingie kama barua kwenye bahasha. Raba za nywele, ndiyo, mkanda wa kitenge na lastiki ya inchi nane, binti wa darasa la tano anaziweza. Vipande vidogo kabisa jazia mto, lakini uvikatekate, la sivyo utalalia mawe.

Fua kwanza. Mimi sikufua. Niliunga khanga nyekundu na kipande cha pazia jeupe, kikapendeza kweli, siku ya kufuliwa nyekundu ikachuja, sasa nina foronya ya waridi na waridi.

Kuhusu fedha, sawa, nakubali, hutaokoa kitu. Ukihesabu saa zako, mfuko ule umenigharimu kuliko mitano ya dukani. Mwenzangu ofisini alinikokotolea hesabu hiyo kwa kikokotoo cha simu, alikuwa na furaha sana. Sijamuuliza mechi za Jumapili zinamwingizia shilingi ngapi kwa saa.

Juzi nilirudi kwa fundi na kitenge cha bluu. Kabla hajashika futi kamba nikamwambia: fundi, vipande vyote, hata cha ukubwa wa kiganja. Akaapa. Na kweli, siku ya kuchukua akanipa mfuko umejaa, umefungwa fundo, akaniambia "Leo hutanidai, dada." Mto wa kijani bado alikuwa ameukalia.

Nyumbani nikaumwaga kitandani. Bluu, bluu, kola iliyokosewa ya bluu, bluu. Chini kabisa kipande cha zambarau chenye ndege weupe, karibu yadi nzima, kizuri ajabu. Sijawahi kuwa na kitenge cha zambarau maishani mwangu.

Kwa hiyo wewe uliyeshona Tabata, zambarau, ndege weupe, ukaambiwa vilikuwa vipande tu: nilipanga kweli kukirudisha. Lakini kilikuwa kinatosha 17 kwa 17 na vile viwili vya nyuma, bila kuunga popote, na wakati naandika haya nimekiegemea.