Kiwanja Changu, Minazi ya Watu

Jamani, mimi ni mtu wa migombani. Kihamba, shamba la ukoo, alichoacha babu kule Kibosho, Moshi, tumegawana ndugu saba, mpaka ukikohoa kwako, shemeji upande wa pili anakupa pole. Ndiyo maana niliposikia kuna kiwanja ufukweni Pangani, hatua ishirini kwa arobaini, nikaona nimeokoka. Mama Neema akaniuliza naenda kufanya nini baharini na hata kuogelea sijui. Nikamwambia, "Uwekezaji." Akakunja khanga zake, akanyamaza. Kimya kile ningekisikiliza vizuri, leo nisingekuwa nasimulia.

Same, Korogwe, Segera, Muheza, magoti yamegonga kiti cha mbele mpaka Tanga, kisha gari jingine. Dalali akanipokea, "Karibu Mangi!" kama wanavyomwita Mchagga mwenye duka. Nikamwambia sina duka, mimi fundi pikipiki. "Haya Mangi, twende." Kupima akapima kwa miguu yake, hatua za bibi harusi anaingia ukumbini! Nikadai tupime kwa zangu. Tukabishana mpaka jua kali likatuamua: nusu zake, nusu zangu. Tukaandikishana mbele ya mashahidi, nikalipa.

Jioni mwalimu mmoja mstaafu akaniuliza kwa upole, "Umekiona kiwanja maji yamekupwa au yamejaa?" Mimi najua nini? Huku kwetu maji ya mto Karanga yakipita yamepita, hayarudi jioni kudai nafasi yake. Akanieleza kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza kujenga ndani ya mita 60 toka ufukweni. Nikapiga hesabu usiku kucha. Ukitoa hizo 60, hatua zangu arobaini zote zimeliwa, hata choo hakienei, nimebakiwa na mawazo tu.

Basi, nikasema, minazi je? Nimehesabu kumi na moja. Hata nisipojenga, nitauza nazi.

Asubuhi nafika, naona kijana yuko juu ya mnazi wangu, nazi zinadondoka pu! pu! Nikapiga kelele, "Mwizi!" Akajibu toka huko juu, "Shikamoo baba." Mwizi gani anakuamkia? Akashuka taratibu, akajifuta jasho, akaniambia mnazi ule ni wa bibi yake. Nikamwonyesha karatasi. Akaisoma yote, akanirudishia kwa mikono miwili. "Baba, hapa umenunua ardhi. Minazi imeandikwa wapi?"

Kumbe pwani, kwa desturi yao, ardhi inaweza kuwa ya huyu na mnazi wa yule! Mitatu ya bibi. Saba ya warithi wa mzee mmoja, wengine wako Unguja, wengine hawajulikani walipo. Mmoja una kesi. Kesi ya mnazi, jamani! Kwetu ukishapanda masale, mimea yetu ya mpaka, kuzunguka eneo, kila kilichomo ndani ni chako, na kunguru akitua anatua kwa heshima yako. Na masale nilikuwa nayo, miche sita kwenye mfuko wa rambo, nimeyabeba toka Moshi nimeyapakata kama mtoto. Nikayatazama, yakanitazama.

Nikamwomba kijana walau nazi mbili za kupeleka nyumbani. "Buku buku, Mangi." Nikalipa, nimesimama kwenye kiwanja changu mwenyewe.

Nimefika Moshi saa nne usiku. Mama Neema hakuuliza habari za uwekezaji. Alichukua nazi, akaitikisa sikioni ya kwanza, akaitikisa ya pili.

"Hii haina maji," akasema.